Mwanamke wa Bombani

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho, samaki huyu umemtoa wapi?"

"Nchani, mama. Nimeshasema Nchani."

"Usiniite mama! Mimi mama yako kwa lipi? Umenilisha uchafu halafu unaniita mama?"

"Basi nikuiteje?"

"Mwone! Mwoneni anavyojibu!"

Sebule nzima ilikuwa imesimama isipokuwa Shangazi. Yeye alikuwa amelala chali kwenye kochi refu, kiatu kimoja mguuni, kingine sijui kimekimbilia wapi, mkono juu ya tumbo. Kila mama mtu, mama yake Dawa mpenzi wangu, alipopandisha sauti, Shangazi naye alipandisha mguno.

"Nilikula kichwa chote mimi," akasema huku anatazama dari. "Chote. Na macho."

"Shangazi, tulia," Bwana Afya akamwambia.

"Nitulie vipi na mtu ananitazama kutoka tumboni?"

Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Siku hiyo nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira akichekeshwa ndio hasira inazidi.

Huyo Bwana Afya ni kaka yake Dawa. Kazi yake ndiyo hiyo, bwana afya wa jiji, anakagua mabucha na mitaro, na hata nyumbani kwao wanamwita hivyo hivyo. Mama yake mzazi anamwita hivyo. Alikuwa amechelewa chakula. Alipofika sisi tumeshamaliza, sahani zimebaki miiba, na mama mtu ananiambia, "Mwanangu, ongeza mchuzi." Ndiyo, alikuwa ameshaniita mwanangu! Mimi, niliyemaliza shule na tangu nimalize sijui nasubiri nini. Mimi ambaye wiki nzima alikuwa ananiita "yule mrefu asiye na kazi". Samaki mmoja tu wa kukaanga, na nikawa mwanangu.

Ndipo Bwana Afya akasimama mlangoni na begi lake la kazini. Akanitazama mimi, akatazama miiba, akanitazama mimi tena.

"Huyu namjua," akasema. "Huyu ni wa bombani."

Ikawa basi. Lile neno mwanangu likafia pale pale.

Kama hujawahi kuvua kwenye Ukuta, ngoja nikueleze, maana bila hivyo utaona watu wazima wanagombana bure. Ukuta ni ule mrefu wa ufukweni, unaozuia bahari isiingie barabarani. Jiji zima linapita pale. Watu wanakimbia mazoezi, wapenzi wanapigana picha, na sisi tuko juu na fimbo zetu na makopo ya chambo. Mwisho kabisa, Ukuta unapoishia baharini, ndiyo Nchani. Maji safi, mkondo mkali, samaki wa maana. Lakini katikati, mkabala na maduka, kuna bomba. Maji yote machafu ya mjini yanatokea pale. Na samaki, bwana, wanapapenda! Wamenona, wamejaa, unatupa donge la mkate unavuta. Ndiyo maana anayejifunza tunampeleka bombani. Anazoea kutupa, anazoea kuvuta. Ila sheria ya Ukuta inajulikana na kila mtu: samaki wa bombani humpi mtu. Unamtoa ndoana, unamrudisha majini. Hata paka wa pale hawamgusi, na wale paka wanakula soksi.

"Lile bango nimelisimamisha mimi," Bwana Afya alikuwa anasema, kidole kinanigonga kifuani. "Kwa mikono yangu. Maandishi mekundu. Samaki wa hapa hawaliwi. Hujui kusoma?"

"Najua kusoma. Samaki ametoka Nchani."

"Nimekuona bombani!"

"Umeniona bombani, hujaniona na samaki huyu bombani."

"Siku zote uko pale! Kila nikienda kukagua, uko pale umekaa na miguu inaning'inia kama mtoto!"

"Kukaa ni kosa? Nimekaa juu ya bomba lako au juu ya Ukuta?"

"Msumari, punguza sauti," mama mtu akasema, halafu akajishika kiuno. "Hata jina lenyewe! Mtu na akili zake anaitwa Msumari. Nilipaswa kujua tangu kwenye jina."

Nikainua mkono juu. "Haki ya Mungu. Niapishwe mbele ya wote. Samaki yule ametoka Nchani, na kama ni uongo bahari isinipe tena hata uduvi."

Nikaapa hivyo, tena kwa moyo mweupe. Kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa.

Samaki hakuwa wangu. Alikuwa wake, Dawa. Asubuhi hiyo alikuja kwenye ngazi za Ukuta anakimbia, mfuko wa duka la dawa mkononi, barafu inadondoka, uso umewaka kama taa. Akafungua mfuko. Samaki mgongo wa kijivu, mnene kama mkono wangu hapa juu, ameshasafishwa tayari. "Nimempata mwenyewe!" anasema. "Nchani! Peke yangu!" Akaniambia nimpeleke mimi kwao, niseme ni wangu, kwa sababu kwao hawajui kama anavua, na wakijua ni balaa. "Nataka tu nimwone mama anakula samaki wangu bila kujua," akasema. "Anakula, anasifia, mimi nimekaa kimya najua." Macho yalikuwa yanacheka. Mimi nikiona macho yale siulizi kitu. Angeniambia nipeleke nyangumi ningetafuta toroli.

Sasa nikamtafuta kwa macho. Alikuwa amesimama pembeni ya kabati la vyombo, gauni la kijani, kidole cha shahada kimefungwa plasta. Hakunitazama. Alikuwa anatazama zulia utadhani kuna filamu inaonyeshwa pale chini.

"Na si hilo tu," Bwana Afya akasema, na hapo sauti yake ikashuka. Akishusha sauti ndio mbaya zaidi. "Sikutaka kusema mbele ya dada yangu. Lakini huyu bwana hakai pale bombani peke yake. Ana mwanamke."

Shangazi akainuka akakaa. Tumbo likapona dakika hiyo hiyo.

"Mwanamke?"

"Mwanamke. Nimewaona kwa macho yangu nikiwa ng'ambo ya barabara. Kavaa kofia kubwa ya majani, pana hivi, ina utepe mwekundu. Sura sikuiona. Wamekaa bega kwa bega. Huyu kamshika mkono, sijui anamfundisha nini, wanacheka tu."

"Na ndiyo umekuja hapa kwangu?" mama mtu akanigeukia. Macho yalikuwa yamelowa. "Umekuja kula mezani kwangu, unamtaka binti yangu, na huku una kofia yako huko?"

Nikashindwa hata kufunga mdomo.

Ile kofia naijua. Inalala kwangu, nyuma ya mlango. Niliinunua mimi, utepe alichagua yeye, ili akitoka dukani saa ya chakula mtu asimjue. Dawa tunamwita Dawa kwa sababu ya duka hilo hilo la dawa analouza, lipo mkabala na bomba, na mara ya kwanza alikuja Ukutani na koti lake jeupe la kazini, akaazima fimbo ya mtu, akatupa, ndoana ikanasa shati langu mgongoni. Badala ya kuomba radhi akavuta! Akavuta kweli kweli, anadhani amepata. Nikageuka nimpe maneno, nikamkuta amefungua macho hivi, mdomo umebaki wazi, akasema, "Samahani, we ni mzito." Tangu siku hiyo sijatoka kwenye ile ndoana.

Nikamtazama tena pale pembeni ya kabati. Nikasema moyoni, haya mpenzi, sasa sema. Neno moja tu. Sema, kaka, yule ni mimi.

Dawa akainua uso. Akanitazama mara ya kwanza tangu kelele zianze.

"Mwanamke gani, Msumari?" akaniuliza.

Haki tena, aliniuliza hivyo. Na mdomo ukatetemeka vizuri kabisa, kama mtu aliyesalitiwa.

"Unasemaje?" nikamwambia.

"Nakuuliza. Mwanamke gani?"

"Wewe unaniuliza mimi?"

"Usimfokee binti yangu!" mama mtu akaja katikati. "Ameuliza, mjibu! Ni nani?"

Nilikuwa nayo hapa, kwenye ncha ya ulimi. Kofia, utepe, samaki, yote. Ningeyamwaga pale juu ya zulia nione nani atakanyaga. Lakini nilimtazama shingo yake ile inavyomeza mate, nikameza na mimi.

"Siwezi kujibu," nikasema.

"Hawezi kujibu!" Bwana Afya akapiga kofi pajani. "Mmesikia? Hawezi!"

"Wewe, nenda jikoni kamtengenezee Shangazi maji ya chumvi atapike," mama mtu akamwambia Dawa. "Na wewe, kachukue hiyo ndoo yako uliyoileta na huo mkosi, ipo huko huko jikoni, utoke nyumbani kwangu."

"Nisitapishwe, jamani," Shangazi akasema. "Alikuwa mtamu."

Jiko lao ni dogo, ukifungua friji huwezi kufungua mlango. Dawa alikuwa amenipa mgongo, glasi mkononi, kijiko kinakoroga chumvi, ting ting ting. Sufuria ya kukaangia ilikuwa bado juu ya jiko, mafuta yameganda. Nikasimama nyuma yake. Harufu ya nywele zake na harufu ya samaki, zote mbili kwa pamoja. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kupiga teke kabati. Nikavishindwa vyote.

"Mwanamke gani, Msumari?" nikaigiza sauti yake, chini chini. "Ungeenda kuigiza kwenye redio wewe, unapotea bure pale dukani."

"Niliogopa."

"Uliogopa! Mimi nimesimama pale nimekuwa muuaji, nimekuwa malaya, wewe unaangalia zulia!"

"Ongea polepole."

"Naongea polepole! Hii ndiyo polepole yangu!"

Ting ting ting.

"Lakini sawa," nikasema. "La kofia tuliache. La samaki ni rahisi. Twende wote pale, useme hata kwamba uliniona nikitoka naye Nchani. Si ametoka Nchani?"

Kijiko kikanyamaza.

"Dawa. Ametoka Nchani?"

"Nilienda Nchani," akasema.

"Sijauliza ulienda wapi. Samaki ametoka wapi?"

Hakugeuka. Mabega yakapanda, yakakaa huko juu.

"Walinikatalia nafasi," akasema. "Yule baba mwenye redio na wenzake. Pamejaa dada, pamejaa. Pamejaa wapi? Pale ungeegesha lori! Wakaniambia rudi bombani ukajifunze, wakacheka. Wote wakacheka. Mimi nimeamka kukiwa bado baridi, nimebeba kila kitu mwenyewe, wananichekea."

"Ukarudi bombani."

"Nilikuwa na hasira. Nikasema nitupe mara moja tu, hasira iishe, niende zangu. Akala! Msumari, ungeona alivyokula! Fimbo ilijikunja yote. Ulinifundisha mshipi ukae juu ya kidole, akikimbia nimwachie akimbie. Sikumwachia. Mshipi ulinichana kidole, nikaona damu, sikumwachia."

"Halafu ukamrudisha majini kama kila mtu anavyofanya."

Akageuka. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

"Ningemrudisha vipi? Alikuwa wangu! Wa kwanza mkubwa! Ningemrudisha vipi?"

"Unafungua mkono! Unafungua mkono anaingia majini, ndivyo anavyorudishwa!"

"Nilimchemsha kwanza kabla ya kumkaanga."

"Dawa, bomba halichemshwi!"

"Nilimwosha kwa ndimu mara nyingi..."

"Mimi nimeapa! Umenisikia nikiapa kwa Mungu, ukanyamaza. Na nimekula! Nimekula mkia wote na ubavu, na wewe ulikaa mbele yangu unanitazama, unaniambia kula mpenzi, kula."

"Nilitaka kukuambia baadaye."

"Baadaye lini? Nikishaanza kuhara?"

Akacheka. Kicheko kikamtoka na machozi humo humo, akaziba mdomo kwa mkono wa plasta, na mimi, mjinga mimi, nusura nicheke naye. Hivyo ndivyo anavyonimaliza. Nikakaza uso.

"Haya. Tutoke pale, useme."

"Nikisema, Bwana Afya atanitoa pale dukani. Yeye ndiye aliyenitafutia ile kazi. Kesho yake niko kwa baba mdogo kule mwisho wa mji, nauza saruji. Kwa baba mdogo kutoka nje kwenda kununua vocha ni mpaka uage watu wote. Sitaiona bahari tena."



"Bahari," nikasema.

"Na wewe. Sitakuona na wewe."

"Nimekuja wa pili. Sawa. Nimesikia."

"Usinifanyie hivyo."

"Na usiposema, unafikiri utaniona? Unafikiri baada ya leo mama yako atanipokea hapa na mwanamke wangu wa kofia? Nitakutaka kupitia dirishani?"

Akaweka glasi. Akaja akaniwekea mikono mashavuni. Ilikuwa imelowa, ina chumvi, na plasta inakwaruza. Akanitazama ndani kabisa, karibu hivi, mpaka nikajiona mdogo mdogo kwenye macho yake mara mbili.

"Nitasema," akanong'ona. "Twende, nitasema. Nitazame tu. Wewe ukinitazama nitasema."

"Hakika?"

"Nitazame tu."

Nikamwamini. Nani asingemwamini? Nikachukua ndoo yangu kwa mkono mmoja na glasi ya Shangazi kwa mkono wa pili, tukatoka jikoni, mimi mbele yeye nyuma, na moyo wangu ulikuwa unagonga kama mtu anayedai kodi.

Bwana Afya alikuwa amesimama katikati ya sebule amekunja mikono. Mama mtu alikuwa amekaa sasa, ameinamisha kichwa, anapepea uso na kitambaa cha meza. Aliponiona hakupiga kelele tena. Ningependa angepiga.

"Mimi nilikupenda, unajua?" akaniambia. "Leo hii, hapa mezani. Nilisema kumbe kijana ana adabu, anajua kuja kwa watu na kitu mkononi. Kazi itapatikana, nilisema, mtu mwenye moyo atapata kazi. Nimeyasema haya moyoni hata nusu saa haijapita."



"Kabla hajatoka," Bwana Afya akasema, "nataka jambo moja liishe mbele ya kila mtu. Dada, njoo hapa."

Dawa akasogea.

"Duka lako linatazamana na bomba. Unakaa dirishani kutwa nzima. Huyo mwanamke wa kofia lazima umemwona. Anakuja pale kila siku. Wewe unamjua?"

Nikamtazama. Alisema nimtazame, nikamtazama kwa macho yote niliyonayo. Nikaweka ndoo chini. Na yeye akanitazama. Nikaona anavuta pumzi. Nikaona midomo inafunguka, nikaona kabisa neno linakuja, linapanda, limefika.

Halafu akamtazama kaka yake.

"Simjui," akasema.

Hata Shangazi aliacha kuguna.

"Hujawahi kumwona?"

"Wanapita watu wengi pale, kaka. Simjui."

"Na samaki? Ulijua alipomtoa?"

"Nitajuaje? Nimeona tu ameleta."

Unajua mshipi ukikatika unavyokuwa? Ulikuwa umevuta kwa nguvu zako zote, mara fimbo inanyooka, mkono unarudi mtupu, unabaki umesimama kama mpumbavu na uzito wote umeondoka. Ndivyo nilivyobaki. Hasira yote niliyokuwa nimemwekea mama mtu na Bwana Afya ikawaacha ikaenda upande mmoja tu, upande wa gauni la kijani. Nilikuwa na maneno. Ile kofia iko kwangu, mkitaka naileta sasa hivi mumvalishe mwone inavyomkaa. Mngeona. Neno moja na mimi nimesafika, mwanangu linarudi, mchuzi unaongezwa.

Nikampa Shangazi glasi yake.

"Bwana Afya," nikasema. "Umesema kweli. Samaki ni wa bomba."

"Umesikia, mama? Anakiri!"

"Nimemtoa bombani. Bango nimelisoma. Nilijua na nikaleta. Mama, samahani. Shangazi, samahani sana. Hapa ndani hakuna mwingine aliyejua."

Dawa alitoa sauti, ndogo tu, kama mtu aliyekanyagwa.

"Na mwanamke?" Bwana Afya akauliza.

"Mwanamke gani?"

"Usianze! Wa kofia!"

Nikamtazama Dawa mara ya mwisho. Uso ule ninaoupenda, Mungu anisaidie, hata vile ulivyokuwa.

"Mimi pia simjui," nikasema. "Nilidhani namjua."

Nikainama nichukue ndoo. Ndipo Shangazi, ambaye watu walidhani anakufa, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "We binti. Hicho kidole kimefanya nini?"

"Nimejikata na kisu, shangazi. Jikoni."

"Kisu gani kinachana kwa chini, kwenye mkunjo? Hebu niletee nione."

Dawa akaupeleka mkono nyuma ya mgongo.

"Na wewe kijana, simama hapo hapo. Nionyeshe mikono yako."

Mimi kidole changu cha shahada, chini ya mkunjo, kina alama za mshipi juu ya alama za mshipi. Kila mtu wa Ukutani anazo. Shangazi alikuwa ameshakaa wima, glasi ya chumvi imeinama inamwagika kwenye kochi, anatazama mkono wa Dawa uliojificha, anatazama ndoo yangu, anatazama mkono wa Dawa.

Nikaingiza mkono mfukoni.

"Mikono yangu michafu, shangazi," nikasema. "Ni ya bombani."

"Toka," mama mtu akasema, sasa analia waziwazi. "Toka tu, jamani, toka."

Viatu vyangu vilikuwa pale mlangoni. Nilikuwa nimevipiga rangi asubuhi, vikang'aa, nikajiona bwana harusi. Nikachutama kufunga kamba na kamba zikakataa. Nikawa nafunga na kuwaza jambo moja tu, linazunguka linarudi. Samaki alimchana kidole mpaka damu ikatoka, hakumwachia. Mimi nilikuwa namtazama tu, sikumchana popote, na ameniachia kwa neno moja.

Nikasimama. Nikashika kitasa.

"Ngoja," Dawa akasema.

Sikugeuka.

Akaniita. Hakuniita Msumari. Aliniita jina langu lenyewe, lile ambalo Ukutani hakuna anayelijua, nililomwambia siku moja pale bombani chini ya ile kofia, akacheka akasema zuri, nitalitunza, nitalitumia siku ya shida.

"Wewe jina hilo umelijulia wapi?" nikamsikia Bwana Afya anamuuliza.

Dawa hakumjibu. Nilingoja, nakwambia ukweli, nilisimama na kitasa mkononi nikangoja amjibu. Nikahesabu pumzi zake. Nilitaka kuubamiza ule mlango mpaka vyombo vya kabatini vishuke, jengo zima lijue. Nikamfikiria Shangazi na tumbo lake.

Nikatoka, nikaufunga polepole.